Neno Lishukalo na Neno Lipandalo katika Nchi ya Kigonsera

Habari za Wamatengo na Wangoni zimeandikwa mara nyingi: jinsi wanavyooa, wanavyozika, na jinsi Wamatengo wanavyolima ngolo katika miteremko ya milima yao. Jambo moja halikuandikwa sana, labda kwa kuwa halishikiki kama jembe wala halisikiki mbali kama ngoma. Nalo ni njia ambayo neno la mkubwa wa dini liliwashukia watu wake, na njia ambayo neno la watu lilimpandia mkubwa. Sisi walimu tumekaa katikati ya njia hizo mbili siku zote, na kwa hiyo yatupasa kuzichunguza. Tukizifuata katika mambo yaliyotukia Kigonsera na nchi za jirani, hata ufukoni mwa Ziwa Nyasa, twaona kwamba neno la kushuka halikukosa njia kamwe. Lilikuwa na mimbari, na kengele, na barua, na amri. Neno la kupanda lilikuwa na njia moja nyembamba, na ilipozibika watu walikufa.

Kigonsera iko kwenye njia itokayo Songea kwenda Mbinga, mahali ambapo nchi ya Wangoni inakwisha na milima ya Wamatengo inaanza. Watawa wa Mtakatifu Benedikto, wa tawi la St. Ottilien katika Udachi, waliingia nchi hii mwaka wa 1888, na misioni yao ya kwanza, Pugu, ikaangamizwa Januari 1889 katika vita vya Abushiri. Baadaye walielekea kusini. Padre Cassian Spiss alianzisha Peramiho mwaka wa 1898, na mwaka uliofuata, 1899, Kigonsera ikafunguliwa.

Hawakufika kwa watu wasiojua kushauriana. Wamatengo walikuwa na desturi yao iitwayo sengu. Wanaume wa ukoo mmoja, waliokaa katika ntambo, yaani mgongo wa mlima ulio mali ya ukoo ule, walikusanyika nyumbani kwa mzee wao. Kila mke alileta chakula alichokipika katika nyumba yake, na wanaume wakala pamoja, wakubwa kwa wadogo. Hapo maneno yalisemwa: ugomvi ulipatanishwa, kazi ya shamba ilipangwa, na vijana walifundishwa adabu na habari za wazee. Mzee ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Walakini hakulitoa kutoka mbali; alilitoa mkono wake ukiwa katika chakula kilekile walichokula wale aliowaamuru. Aliyekuwa na manung'uniko hakuhitaji kutafuta mtu wa kumpelekea, maana mwenye kusikiliza alikuwa mbele yake, na kesho watakula tena pamoja.

Hatutaki kuisifu sengu kupita kiasi, kama wafanyavyo baadhi ya waandishi wa siku hizi wanaoona kila cha kale kuwa dhahabu. Wanawake walileta chakula wasikae katika shauri. Neno lao lilifika kwa kinywa cha mume au cha mwana. Wala mtu wa ukoo mwingine hakuwa na nafasi pale. Hata hivyo, kwa wale waliokuwa ndani yake, sengu ilikuwa na sifa moja iliyo adimu: neno lililoshuka lingeweza kujibiwa palepale.

La ajabu ni kwamba watawa wale walikuja na sheria ifananayo na hiyo. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 3, yaamuru kwamba likitokea jambo kubwa katika monasteri, abate aite jumuiya yote, aeleze mwenyewe jambo lenyewe, asikilize mashauri ya ndugu, kisha akae peke yake apime na kuamua. Na sababu ya kuwaita wote imeandikwa wazi: mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lile lililo bora. Tena katika sura ya 68 ndugu aliyepewa kazi impitayo nguvu anaruhusiwa kumweleza mkubwa wake, kwa upole na kwa wakati wake, kwa nini haiwezekani. Mmatengo mzee angesomewa sura hizo mbili, twadhani angesema kwamba aliyeziandika amekaa katika sengu.

Basi kwa nini mashauri hayo hayakutoka nje ya ukuta wa nyumba ya watawa? Kanuni iliwahusu watawa wenyewe. Waamini na wanafunzi wa dini walihesabiwa kama watoto, na mtoto hufundishwa, haulizwi. Tena kulikuwa na shida ya lugha, nayo twataka kukaa juu yake kidogo.

Isidhaniwe kwamba mapadre wale walidharau lugha za watu. Cassian Spiss alichapisha mwaka wa 1904 kazi yake juu ya Kingoni na Kisutu, na hata leo wenye kuchunguza lugha hizo huanza kwake. Padre Johannes Häfliger wa Kigonsera alichapisha hadithi za Wamatengo mwaka wa 1908, na kamusi ya Kimatengo mwaka wa 1909. Watu hawa walikaa chini na wazee, wakauliza jina la kila mti na kila chombo. Lakini kujua neno si kujua linasemwa kwa nani na kwa sababu gani. Mathalani Wangoni humwita Muumba Chapanga, na roho za wazee waliokufa huziita mahoka. Mngoni alipowapelekea mahoka chakula au pombe hakuwa akimwabudu mwingine badala ya Chapanga; alikuwa akizungumza na babu yake. Wamisionari wengi wa nyakati zile waliposikia mahoka walielewa mashetani. Neno lilikuwa lilelile, limeandikwa vizuri katika daftari, ila lilipopanda kutoka kinywa cha mzee hata sikio la padre liligeuka njiani.

Katikati alisimama mwalimu wa dini, ambaye tumezoea kumwita katekista. Jina hilo lina asili ya Kiyunani, na maana yake ya kwanza ni kuvumisha sauti masikioni mwa mtu. Katekista ni mwangwi. Padre alisema kwa Kiswahili, na wengi kanisani, hasa akina mama, hawakukijua Kiswahili; ndipo mwalimu akavumisha kwa Kimatengo au Kingoni. Alipiga kengele, alifundisha sala, alitangaza saumu na sikukuu, aliandika majina ya wanaotaka kubatizwa. Mwangwi una tabia moja ijulikanayo na kila mtoto wa milimani: hurudisha neno la yule aliyeita. Haumpelekei neno la mlima. Mwalimu naye alipewa kazi ya kupeleka sauti chini. Kuleta sauti juu hakupewa na mtu. Akiifanya, aliifanya kwa ujasiri wake mwenyewe, naye aliweza kuonekana mchochezi.

Sasa twafika mwaka wa 1905. Kusini-mashariki, katika nchi ya Wamatumbi na karibu na Rufiji, kulikuwa na mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale, akaaye Ngarambe. Tangu mwaka wa 1904 watu walimwendea kwa makundi kupokea dawa ya maji. Wamatumbi walikuwa na jina la namna habari ile ilivyoenea: njwiywila, yaani mnong'ono wa siri, wa mtu kwa mtu. Aliyesikia alimnong'oneza ndugu amwaminiye, na huyo akamnong'oneza mwingine. Twaweza kuyachukia yaliyotokea baadaye, lakini tukitazama njia tu, hiyo nayo ilikuwa jumuiya ya dini yenye mkubwa na wafuasi, na neno lake lilikwenda haraka kuliko tarishi wa serikali. Lilikwenda haraka kwa sababu lilikuwa jibu. Watu walikuwa wamelima pamba kwa lazima, wamelipa kodi, wamepigwa, hakuna aliyewauliza. Ngarambe waliambiwa kwamba kilio chao kimesikika.

Mwishoni mwa Julai 1905 pamba iling'olewa Nandete, na vita vikaanza. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini mnong'ono ulikuwa umekwisha kutoka mikononi mwake. Siku kumi baadaye, tarehe 14 Agosti, Cassian Spiss, ambaye tangu mwaka wa 1902 alikuwa askofu, aliuawa Mikukuyumbu katika nchi ya Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili, wakiwa safarini kutoka Kilwa kwenda Peramiho. Mtu aliyekuwa ameandika sarufi ya Kingoni alitembea ndani ya nchi iliyojaa mnong'ono. Waliomwua hawakuwa Wangoni, nao labda hawakujua kabisa yeye ni nani. Kwao alikuwa Mzungu katika msafara. Hatumlaumu marehemu. Twasema tu kwamba ujuzi wa lugha haukumpa sikio ndani ya nyumba za watu.

Katika Ungoni maji yaliletwa na mjumbe aitwaye Kinjala. Huko manung'uniko juu ya misioni yalikuwa na jina na mahali. Nkosi Mputa Gama alikuwa na nyumba ya mahoka, na Padre Franziskus Leuthner wa Peramiho aliichoma moto. Kwa padre lilikuwa tendo la imani. Kwa Mputa ilikuwa nyumba ya baba zake. Tukiuliza, je, kati ya kuchomwa kwa nyumba ile na kuchomwa kwa Peramiho kulikuwa na baraza lolote ambamo nkosi angeweza kusema na padre, akasikilizwa kama mtu mwenye haki, twaona hapakuwa nalo. Kulikuwa na mimbari ya padre, na ngome ya Wadachi ya Songea, na huko wote wawili walimpa Mputa maneno ya kushuka. Septemba 1905 misioni ya Peramiho iliteketezwa, na Padre Leuthner akauawa.

Yaliyofuata yanajulikana kwa kila mtoto wa shule wa mkoa wa Ruvuma. Tarehe 27 Februari 1906 wakuu wa Wangoni, zaidi ya 60, walinyongwa Songea, na kila mwaka tarehe hiyo watu hukusanyika penye Makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka. Sehemu moja ya habari hiyo husimuliwa kwa haraka. Kabla ya kunyongwa, Padre Johannes Häfliger, yuleyule wa kamusi, aliingia gerezani, akakaa na waliohukumiwa, akazungumza nao, na wengi wao wakabatizwa. Wengine husimulia ubatizo huo kama ushindi wa misioni, na wengine kama unyonge wa watu waliokwisha kuvunjika. Sisi twautazama kwa upande wa jambo letu. Hapo padre na wakuu wa nchi walikaa katika chumba kimoja, hakuna mkalimani kati yao, hakuna mimbari, na aliyetaka kusema alisema. Ilikuwa sengu, ila ilifanywa nyuma ya mlango uliofungwa, na waliosikilizwa hawakurudi nyumbani.

Baada ya vita na njaa iliyoifuata watu wengi walijiunga na misioni, na shule za vijijini ziliongezeka. Wapo wasemao kwamba shule zilienea kwa nguvu ya mahubiri. Sisi twadhani zilienea zaidi kwa nguvu ya walimu. Mwalimu wa kijiji alioa pale, alilima pale, watoto wake waliugua surua pamoja na watoto wa wengine. Alijua ni nani aliyekosa kuja kanisani kwa uvivu na ni nani aliyekosa kwa kuwa hana nguo. Padre aliyefika mara moja baada ya majuma mengi hakuweza kulijua hilo asipoambiwa.

Jambo hilo lilithibitika vita kuu ilipoingia nchini. Waingereza waliitwaa Songea Septemba 1916, na wamisionari wa Kidachi wakaondolewa nchini katika miaka iliyofuata. Mswisi Gallus Steiger aliwekwa kuongoza eneo la Lindi mwaka wa 1922, na mwaka wa 1931 Peramiho na Ndanda zikatengwa. Katika miaka ya upweke kati ya kuondoka na kurudi, mimbari ilikuwa tupu. Hakuna amri iliyoshuka, wala barua ya askofu. Lakini sala za Jumapili hazikukoma, watoto walibatizwa katika hatari ya kufa, na wafu walizikwa kwa msalaba. Waliofanya hivyo walikuwa walimu na wazee wa vijiji, wakishauriana wenyewe kwa wenyewe, wapi wakutane na nani aongoze. Mwangwi uliachwa peke yake, ikaonekana kwamba una sauti.

Tukiteremka kutoka milimani hata ufuko wa Nyasa, twakuta njia nyingine. Huko walikuwa Waanglikana wa Misioni ya Vyuo Vikuu, walioweka makao makuu katika kisiwa cha Likoma tangu mwaka wa 1885. Walikuwa na meli, Charles Janson ya mwaka wa 1885 na Chauncy Maples ya mwaka wa 1901, zilizozunguka vijiji vya ufukoni zikipeleka walimu, vitabu na barua. Meli ina faida kubwa na hatari moja: mkubwa aweza kufika kila kijiji, naye aweza kuondoka kabla ya watu kumaliza maneno yao. Padre William Percival Johnson, ambaye macho yake yalikuwa mabovu sana kwa muda mrefu wa utume wake, alikwenda sana kwa miguu, akalala katika vijiji vya watu, na kuongea nao kwa lugha yao. Alikufa mwaka wa 1928, akazikwa Liuli, mahali ambapo Wadachi walipaita Sphinxhafen. Watu wa ufukoni wamelitunza kaburi lake, wala si kwa kuwa aliwatafsiria Maandiko tu. Mtu asiyeona vizuri hulazimika kuuliza na kungoja jibu.

Misioni hiyohiyo ndiyo iliyotangulia kuipa sauti ya walimu njia ya karatasi. Gazeti lao la Msimulizi, lililoanza Unguja mwaka wa 1888, lilijazwa kwa sehemu kubwa na habari zilizoandikwa na walimu na wanafunzi Waafrika katika vituo vyao. Wakatoliki walitoa Rafiki Yangu Dar es Salaam mwaka wa 1910, na Peramiho ilikuwa na Mwenge katika miaka ya 1930. Magazeti haya yana deni kubwa kwa walimu waliotuma barua zao kwa mkono wa wapagazi. Tena msomaji akiyafungua leo ataona tofauti: penye barua nyingi za walimu huonekana nchi yenyewe, mvua na nzige na misiba, penye makala za wakubwa tu huonekana mafundisho mazuri ambayo yangeweza kuandikwa mahali popote duniani.

Barua peke yake, hata hivyo, haitoshi, na Mitume walilijua hilo. Katika sura ya 15 ya Matendo, baada ya shauri kubwa la Yerusalemu juu ya waamini wasio Wayahudi, wazee hawakutuma waraka tu kwa watu wa Antiokia. Walituma pamoja nao Yuda Barsaba na Sila, ili waseme mambo yaleyale kwa vinywa vyao. Kwa nini, ikiwa yote yalikwisha kuandikwa? Twadhani ni kwa sababu waraka hauwezi kuulizwa swali. Yuda na Sila wakakaa Antiokia muda. Waliosomewa walipata watu wa kuwauliza maana ya kila neno, na wajumbe walirudi Yerusalemu wakijua uso wa wale walioandikiwa.

Tukija karibu na siku zetu, mlango ulifunguliwa zaidi. Mtaguso wa pili wa Vatikano wa miaka ya 1962 hata 1965 ulileta Misa katika lugha ya watu, ukawapa walei nafasi katika mashauri. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walikubaliana katika miaka ya 1970 kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogondogo, nyumba chache zikutanazo kusali na kuzungumza. Jimbo la Mbinga, ambalo Kigonsera imo ndani yake, lilianzishwa mwaka wa 1986, na askofu wake wa kwanza, Emmanuel Mapunda, alikuwa mwana wa nchi za kusini. Kwa nyakati hizohizo sengu ilikuwa imedhoofika. Fedha ya kahawa iligawanya nyumba, shule zilichukua vijana, na kuhamia vijijini katika miaka ya 1970 kuliwatoa wengi katika ntambo zao. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine waliofanya kazi Umatengo waliitafuta upya, na katika kijiji cha Kindimba jina la sengu likapewa kamati ya maendeleo. Twaona jina limerudi kabla ya chakula.

Jumuiya ndogondogo yafanana na sengu kuliko chochote kilicholetwa na misioni, tena yaipita, maana mama hukaa na kusema, wala haulizwi ni wa ukoo gani. Shida yake iko mahali pengine. Katika madaftari ya jumuiya tuliyoyaona, katibu huandika tarehe, somo lililosomwa, idadi ya waliohudhuria na fedha zilizotolewa. Safu hizo zimepigwa mstari tangu juu, kwa kuwa parokia huziuliza. Siku moja mjane aweza kusema kwamba mchango wa mwaka huu umempita nguvu, kama ndugu yule wa sura ya 68. Watu hutikisa kichwa, humwonea huruma, na mkutano hufungwa kwa sala. Neno lake halina safu. Hubaki kichwani mwa mwenyekiti, ambaye Jumamosi atakwenda parokiani kwa miguu na daftari kwapani, naye njiani huamua kama atalisema.